Hatua Thelathini Hadi Chooni

Wewe unayenisikiliza, weka kwanza mzigo wako chini. Najua una haraka ya kusimamisha hema kabla jua halijawa kali, najua watoto wanakuvuta gauni wakidai uji, na baba mkwe wako anasubiri pa kukaa. Nipe muda mfupi tu. Nataka nikueleze nilivyochagua mahali pa kukaa na familia yangu makambini mwaka ule, nikapima kila kitu kinachopimika, na bado nusura nimuue mzee wa watu.

Kama hujawahi kufika makambini, si jambo gumu kulielewa. Mara moja kwa mwaka, wakati wa kiangazi, waumini wa kanisa letu walifunga nyumba zao, wakabeba mikeka, sufuria na magodoro, wakaenda kuishi nje kwa wiki nzima. Asubuhi mahubiri, mchana kwaya, jioni mafundisho. Miaka ile ya tisini tulikuwa tukikutana ufukweni mwa ziwa, upande wa Ilemela, kwenye uwanja wa nyasi fupi uliozungukwa na miamba. Mahema tuliyaita mahema kwa heshima tu. Wengi walikuwa na yale maturubai ya bluu yaliyojaa sokoni siku hizo, wengine walishona viroba vya sandarusi, na wenye bahati walikuwa na hema la kweli walilonunua kwenye mitumba, zipu imekufa, mlango umefungwa kwa pini.

Mwaka huo nilikwenda na binti zangu wawili wadogo na baba mkwe wangu. Mume wangu hakuweza kuja. Kiwanda cha nguo alichokifanyia kazi tangu ujana kilikuwa kimepunguza watu, naye akiwemo, na sasa alikuwa na miezi michache tu kwenye kiwanda kipya cha minofu ya sangara. Huko, ukikosa zamu, kesho unamkuta mwingine amevaa buti zako. Angekuja siku ya kufunga makambi.

Baba mkwe alikuwa mzee mrefu, mkimya, aliyefuga ng'ombe maisha yake yote hadi miguu ilipokataa. Tulimleta kwetu Pasiansi mwaka mmoja kabla. Miezi miwili kabla ya makambi mkojo wake uliziba. Sitakuficha, ilitutisha. Hospitali walimwekea mpira wa mkojo, akakaa nao wiki nzima, ukatolewa. Siku ya kuruhusiwa muuguzi alituita mimi na mume wangu pembeni, akasema maneno mawili akihesabu kwa vidole: anywe maji ya kutosha kila siku, na akihisi mkojo asiubane hata kidogo. "Akiubana," alisema, "mtarudi hapa mkikimbia."

Nilidhani mzee angebaki nyumbani. Yeye alikuwa na mawazo mengine. Alimwambia mwanawe kwamba anataka kusikia kwaya zikiimba nje, ziwa likiwa nyuma ya waimbaji, na kwamba hakuwa na uhakika na mwaka ujao. Nani angembishia? Mume wangu alinisaidia kufunga mizigo, kisha akasimama mlangoni.

"Mzee nimekuachia wewe," akasema.

"Nimekusikia."

"Maji. Na choo."

"Nimesema nimekusikia, baba watoto. Mimi ni mwalimu. Maagizo mawili hayanishindi."

Ndiyo maana nilifika uwanjani siku moja kabla ya wengine. Kamati ilikuwa imechimba vyoo upande wa mashariki, vitatu vya wanaume na vitatu vya wanawake, kuta za matete, milango ya magunia. Watu wote huvikimbia vyoo kwa sababu ya inzi na harufu. Mimi nilivifuata. Nilitembea kutoka choo cha wanaume nikihesabu hatua, si hatua zangu bali hatua fupi za mzee mwenye fimbo, nikasimama kwenye hatua ya thelathini. Nikaangalia chini: hakuna mzizi, hakuna jiwe la kumkwaza. Nyuma yangu kulikuwa na mwamba mkubwa uliopinda kama mgongo wa kiboko, unaozuia upepo.

Msimamizi wa kambi, mzee mmoja mcheshi aliyekuwa akigawa viwanja kwa kamba na kijiti, alinikuta hapo.

"Mwalimu, hapo mbona watu wanapakimbia? Inzi watakula pamoja nanyi."

"Mchana upepo unatoka ziwani, mzee. Harufu itakwenda barabarani."

"Na usiku?"

"Usiku unageuka, unatoka nchi kavu kuelekea ziwani. Ndiyo maana nimekaa ubavuni, sikukaa mbele wala nyuma."

Akaitazama kamba yake, akanitazama mimi. "Umekuja kuabudu au kufundisha jiografia?"

Tulicheka. Nilipiga kigingi cha kwanza nikijisikia mtu mwenye akili sana.

Nikueleze mpangilio wenyewe, kwa sababu kosa liko ndani yake. Hema dogo la mzee nililiweka nyuma kabisa, limeegemea mwamba, lisipigwe na baridi. Hema letu, mimi na watoto, nililiweka mbele ya lake, mlango ukitazama vyooni. Jiko nikaliweka mlangoni petu. Kwa hiyo mzee alikuwa mahali pa salama, sisi tukiwa kama kitasa. Akitaka kwenda chooni angepita mbele ya mlango wetu, hatua thelathini, amefika. Akianguka, namwona. Akichelewa, najua. Mama yeyote mwangalifu angefanya hivyo.

Tulihamia Jumatatu. Kila asubuhi nilichemsha maji ya ziwa, nikayaacha yapoe, nikajaza galoni ndogo ya njano ya mafuta ya kula na kuiweka pembeni ya hema lake pamoja na kikombe. Sikumpelekea mkononi. Mimi na yeye tuliishi kwa adabu ya mkwe na mkamwana. Nilipiga goti kwa mbali: "Shikamoo baba." Naye alitazama pembeni akajibu: "Marahaba, mayu." Mayu ni mama kwa Kisukuma, na ndivyo alivyoniita siku zote, kwa upole. Zaidi ya salamu, maneno yetu yalipita kwa watoto. Chakula chake kilibebwa na watoto. Hatukula pamoja wala hatukukaa mkeka mmoja. Hayo niliyajua, nikayafuata, ingawa mimi si Msukuma. Nimekulia kwenye nyumba za reli, mjini, ambako makabila kumi yalipanga foleni kwenye bomba moja.

Jumanne alfajiri nilisikia zipu ya hema lake. Nikafurahi. Nikaruka kutoka godoroni, nikawasha taa ya chemli, nikasimama mlangoni na kuiinua juu ili nimmulikie njia. Mzee alikuwa amekwisha kutoka, ana kopo la maji mkononi. Aliiona taa. Akasimama kidogo, akageuka, akarudi ndani. Nikadhani amesahau kitu. Nilisubiri mpaka mkono ukachoka. Hakutoka tena.

Mchana galoni ilikuwa imejaa kama nilivyoiacha. Nikamtuma binti yangu mkubwa.

"Babu anasema amefunga," akarudi kusema.

Watu hufunga makambini, nikakubali. Lakini Jumatano nilichukua mkaa nikachora mstari kwenye galoni, pale maji yalipoishia, kama ninavyowafundisha wanafunzi wangu kupima uvukizi. Jioni mstari na maji vilikuwa sawasawa. Nikabadilisha maji, labda yananuka moshi. Nikamchemshia chai ya mchaichai, ambayo nyumbani hunywa vikombe vitatu. Watoto waliirudisha imejaa, imepoa. Uji alionja vijiko viwili.

Hapo nikaanza kuogopa. Maji hanywi. Je, chooni anaenda? Ningemuuliza vipi? Jaribu kuliona swali hilo kinywani mwangu: mkamwana anamuuliza baba mkwe habari za mkojo wake. Ulimi wangu ungekauka kabla sijafika katikati. Watoto nao walikuwa wasichana. Kuwatuma na swali kama hilo ni kumwaibisha mara mbili. Nikabaki na njia moja tu niliyoiona, kuangalia. Nilihamisha kigoda changu hadi mlangoni. Nilichambua mchele pale, nikasuka nywele za watoto pale, nikafuata mahubiri kwa kipaza sauti nikiwa pale pale. Alhamisi tangu kulipopambazuka hadi mchana sikubanduka, na kadiri nilivyoogopa ndivyo nilivyozidi kukaza macho kwenye ile njia. Mzee hakupita hata mara moja. Alikaa hemani, akatoka kwenda kwenye kwaya kwa kuzunguka upande wa pili wa mwamba, akishika mawe kwa mkono, njia mbaya isiyofika chooni.

Mchana huo nilikwenda kumtazama kwenye mkutano. Kwaya ya vijana ilikuwa imesimamisha watu wote, wanapiga makofi. Mzee alikuwa ameketi. Mkono mmoja ulishika fimbo, mwingine ulikuwa chini ya tumbo. Jasho lilimtiririka kwenye mashavu, na upepo wa ziwa ulikuwa baridi.

Jirani yetu wa hema la pili alikuwa mama mnene anayeuza dagaa Igoma, Msukuma wa kuzaliwa, mdomo wake haupumziki. Alinikuta nimeduwaa nyuma ya mabenchi.

"Mzee wako ana nini? Kanisa zima limesimama, yeye kakaa kama gunia la viazi."

"Mama, hanywi maji. Leo siku ya tatu. Na chooni haendi, na hospitali walituambia akibana mkojo…"

"Haendi? Umejuaje kuwa haendi?"

"Namwangalia. Nimekaa mlangoni tangu asubuhi, njia yote naiona. Hajapita."

Mama yule alinitazama kuanzia kilemba hadi kandambili. Kisha akapiga makofi mara moja, pa!

"Eee, jamani! Mkamwana kaketi mlangoni anahesabu safari za baba mkwe chooni, halafu anashangaa mzee haendi! Mwalimu, wewe umesomea wapi?"

"Lakini nimemweka karibu, mama. Hatua thelathini."

"Karibu na choo, sawa. Na karibu na nani tena?"

Niligeuka kutazama upande wa hema letu.

"Sikiliza. Kwetu, mzee akikutana na mkamwana wake ana kopo la maji mkononi, anageuza njia, anajifanya alikuwa anaenda kukata mti. Huyu wako umempa mti gani wa kukata? Umemjengea choo chumbani kwako, mwanangu. Afadhali apasuke."

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo moja. Kabla baba mkwe hajahamia kwetu, mume wangu alichimba choo cha pili nyuma ya nyumba. Wewe unaijua Pasiansi. Ukichimba futi mbili unagonga mwamba. Alichimba kwa tindo na nyundo wiki tano, kila akitoka kazini, viganja vimechubuka. Nilimuuliza kwa nini, akasema kile cha kwanza kinajaa. Nilikichungulia cha kwanza, hakikuwa kimefika hata nusu. Nikadhani ni ukaidi wa wanaume tu. Mlango wa choo kile kipya ulitazama mlimani, na njia yake ilianzia chumba cha mzee bila kupita jikoni kwangu.

"Nifanye nini?" nikamuuliza.

"Uhame. Sasa hivi, wakati anasikiliza kwaya."

"Nimwambie nini?"

"Chochote, ila si hicho."

Tuling'oa vigingi sisi watatu, mimi, yeye na dada yake. Kwa haraka kamba nikazikata kwa kisu badala ya kuzifungua. Tulikokota hema letu, magodoro na jiko hadi ng'ambo ya mwamba, karibu na maji, mlango tukaugeuzia upande wa ziwa. Ni mbali, mimi na watoto tungetembea hatua mia mbili kwenda chooni, tena juani. Pale tulipohama tulitundika mkeka na khanga mbili kwenye kamba, vikawa ukuta kati ya hema la mzee na sehemu nyingine ya kambi. Njia yake ikabaki tupu, nyofu, hatua zile zile thelathini, bila mlango wa mtu.

Aliporudi, akitembea amejikunja, nilimsubiri kwa mbali nikapiga goti.

"Baba, nisamehe. Moshi wa jiko langu unakuingilia. Nimehamia ng'ambo ya mwamba."

Siku zote nilipikia mkaa. Hapakuwa na moshi wa kumkera hata inzi.

Mzee alitazama pale jiko lilipokuwa. Akautazama mkeka, na khanga, na njia.

"Moshi ulikuwa mkali kweli, mayu," akasema.

Niliondoka upesi. Lakini usidhani wasiwasi uliisha hapo, kwa sababu muuguzi alikuwa ametueleza pia kwamba mkojo uliobanwa sana unaweza ukagoma kutoka hata mtu akiutaka. Tulipatana na jirani yangu: kivuli cha mwamba kikigusa mtumbwi uliopinduliwa mchangani, bado hakuna dalili, nakwenda kwa mchungaji kuomba gari, aibu iwe aibu. Nikaketi kuelekea ziwa, nikaanza kusugua sufuria safi kwa mchanga.

"Ameingia?" nikauliza bila kugeuka.

"Na mimi simtazami. Unadhani mimi sina adabu?"

"Sasa tutajuaje?"

"Sugua sufuria."

Nilisugua. Kivuli kilitambaa juu ya mchanga. Kwaya nyingine ikapanda jukwaani, ikaimba beti zote, ikashuka. Nilijaribu kukumbuka barabara ya kwenda hospitali, mashimo yake, mahali ambapo gari lingekwama. Nilijaribu kutunga namna ya kumweleza mume wangu kwamba maagizo mawili yalinishinda. Kivuli kilibakiza upana wa khanga moja kufika kwenye mtumbwi. Nikainuka, nikajifunga vizuri, nikatafuta viatu.

Ndipo nikasikia fimbo ikigonga jiwe, ng'ambo ya ule mkeka, ikirudi kutoka upande wa vyoo. Kisha sauti ambayo haikuwa imewahi kuniagiza kitu moja kwa moja tangu niolewe, ikapaa juu ya mwamba ili kambi nzima isikie:

"Mayu! Maji huku yamekwisha!"

Jirani yangu alijibwaga mchangani akicheka hadi akashika mbavu. Mimi nilikaa juu ya sufuria yangu nikalia.

Galoni niliikuta imewekwa juu ya jiwe, imepinduliwa, mstari wangu wa mkaa bado upo. Jioni hiyo niliijaza mara mbili. Alikunywa, akaenda alipotaka kwenda, nami sikujua ni mara ngapi, na sikutaka kujua. Ijumaa alisimama kwaya ilipoimba.

Siku ya kufunga mume wangu alifika, akaona hema letu liko mwisho wa dunia na la baba yake liko jirani ya choo. Nilimsimulia yote. Alisikiliza akijikuna kidevu.

"Kwani hukujua kile choo cha pili nilikichimba kwa nini?"

"Ulisema cha kwanza kinajaa."

"Sasa ningesemaje?"

Ni kweli. Angesemaje? Kwao jambo hilo halisemwi, linachimbwa tu.

Basi usiogope, na wala usijilaumu kama mwaka jana ulikosea. Hesabu hatua zako, angalia upepo, ondoa mawe njiani. Hayo yote ni mema na yafanye. Lakini kabla hujapiga kigingi cha kwanza, mwache mzee wako peke yake mahali hapo, wewe na watoto nendeni mkachote maji ziwani, mkae huko hadi arudi kutoka chooni kwa njia aliyoichagua mwenyewe. Kisha tazama alama za fimbo yake ardhini, uweke hema lako mahali ambapo mlango wake hauioni njia hiyo.